Mba kichwani: mafuta, lepa, mitishamba ya kuoshea au shampuu ya dawa?

Kwa miaka kadhaa bafuni kwangu palikuwa na kambi mbili. Rafu ya juu ilikaa chupa ya mafuta ya kijani yenye harufu kali ya mwarobaini, kopo la unga wa amla, tunda chachu la India, na mfuko wa uwatu. Rafu ya chini ilikaa shampuu ya dawa yenye maandishi madogo ambayo sikuwahi kuyasoma hadi mwisho. Kila mba uliporudi nilihama kambi moja kwenda nyingine. Nilichelewa sana kugundua kwamba nilikuwa najiuliza swali lisilo lenyewe: niende na vya asili au na dawa? Swali lenye faida ni hili: kitu hiki kikifika kwenye ngozi ya kichwa kinafanya nini, na kinakaa pale kwa muda gani?

Hapa nalinganisha njia nne. Tatu zinatoka kwenye Ayurveda, tiba ya jadi ya India, na moja inatoka famasi. Usitarajie nimtaje bingwa, kwa sababu mba wa jirani yako huenda usifanane na wako hata kidogo.

Mba unatokana na nini

Ngozi ya kichwa hujivua kila siku. Seli zilizokufa hubanduka mojamoja, ndogo mno kuonekana kwa macho. Mba hutokea pale seli zinapobanduka kabla ya wakati wake, zikiwa zimegandamana makundi makundi. Mambo matatu hukutana hadi kufikia hapo: mafuta yanayotolewa na tezi za ngozi, fangasi anayekula mafuta hayo, na ngozi ya mtu mwenyewe inavyopokea mabaki ya mlo huo.

Fangasi huyo, wa jamii ya hamira, anaitwa Malassezia, jina lililotokana na Louis-Charles Malassez, daktari wa Ufaransa aliyemwelezea mwaka 1874. Yumo karibu katika kila kichwa cha mtu mzima, mwenye mba na asiye nao. Hana uwezo wa kujitengenezea asidi za mafuta, kwa hiyo anaishi kwa kutegemea zetu. Anapoyavunja mafuta ya ngozi anachukua sehemu anayoipenda na kuacha nyingine, hasa asidi ya oleiki. Mwaka 2005 watafiti walichapisha jaribio lililoniondolea maswali mengi: walipaka asidi ya oleiki tupu kwenye vichwa vya watu. Waliokuwa na kawaida ya kupata mba walianza kubanduka. Wasiokuwa nayo hawakupata kitu. Ndiyo maana ndugu wawili wanaweza kutumia sabuni moja na kitana kimoja, mmoja akajikuna usiku kucha na mwingine asijue mba ni nini.

Lugha yetu, kwa njia yake, iliwahi kuliona jambo hili. Neno mba linataja magamba ya kichwani na pia yale mabaka ya rangi iliyofifia yanayotokea kifuani na mgongoni. Maabara imekuja kuonyesha kwamba nyuma ya yote mawili yuko Malassezia yuleyule.

Kwa kuwa mafuta ya ngozi huongezeka wakati wa balehe, mba nao huanza hapo, hupamba moto ujanani, na huwasumbua wanaume zaidi kuliko wanawake. Hewa baridi na kavu huuchochea, msongo wa mawazo pia. Watu wenye ugonjwa wa Parkinson au wanaoishi na VVU hupata aina kali zaidi. Mba si dalili ya uchafu, wala hauambukizwi kwa kuazimana kitana, ingawa kuosha nywele kwa nadra huwapa fangasi mlo wa bure.

Na Ayurveda inasemaje? Katika maandiko yake ya kale mba unaitwa *darunaka*, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya ugumu. Sushruta, tabibu wa kale wa India, aliuweka kwenye orodha ya maradhi madogo na kuueleza kuwa ni ngozi ya kichwa iliyokuwa ngumu, kavu, yenye muwasho na kupasuka, kwa sababu ya kuvurugika kwa vata na kapha. Vagbhata aliyekuja baadaye aliuhesabu kati ya maradhi ya fuvu. Kwa kifupi kisichowatendea haki waganga wa fani hiyo: vata ni upepo na ukavu, pitta ni joto, kapha ni uzito na unyevu. Ndiyo sababu mganga wa Ayurveda akikuona hakimbilii kutaja dawa. Anataka kwanza kujua magamba yako ni makavu, yana mafuta, au yanaambatana na wekundu unaochoma.

Kwanza hakikisha ni mba

Tandaza kitambaa cheusi mezani, inama juu yake, kisha pitisha kitana chenye meno ya karibu kuanzia kisogoni kuja mbele. Angalia kilichodondoka. Mba mkavu huanguka kama vumbi la chaki, ukipuliza unapeperuka. Mba wa mafuta huja vipande vipana vya rangi ya manjano hafifu, na ukivisugua kati ya vidole vinateleza kama nta. Kumbuka ulichokiona, kwa sababu uchaguzi mwingi huko mbele unategemea hapo.

Kama vijidude vyeupe havidondoki, bali vimeng'ang'ania unywele mmojammoja karibu na shina, hayo ni mayai ya chawa. Mabaka manene yenye magamba ya rangi ya fedha, yanayovuka mstari wa nywele na kushuka pajini mwa uso, hasa kama yapo pia viwikoni na magotini, yanaelekea kuwa soriasisi. Kiduara ambacho nywele zake zimekatika, hasa kwa mtoto wa umri wa shule, ni mapunye hadi mtaalamu aseme vinginevyo. Mapunye huhitaji dawa ya kumeza, na hakuna lepa (mimea iliyopondwa ya kubandika) wala shampuu itakayoyamaliza peke yake. Muwasho ulioanza siku chache baada ya kupaka rangi ya nywele ni mzio. Halafu kuna mba wa bandia: jeli na mafuta ya mtindo yaliyokauka na kukatikakatika. Huo huisha kwa kuosha mara mbili kwa shampuu yoyote ya kawaida, na mtu akatoa ushuhuda kwamba amepona.

Vigezo vya kulinganishia

Kila njia nitaipima kwa mambo yaleyale matano: inagusa chanzo kipi kati ya vile vitatu (mafuta, fangasi, ngozi iliyokasirika), ushahidi wake una uzito gani, kazi na muda inaotaka, hatari zake, na inamfaa nani. Sikuweka kigezo cha kuwa ya asili au kutokuwa ya asili. Asidi ya oleiki nayo ni ya asili.

1. Mafuta ya kukanda kichwa

*Inagusa nini.* Kukanda mwili kwa mafuta ndiyo roho ya matunzo ya Ayurveda, na kichwa kina nafasi yake maalumu. Mafuta yanayotumika hayachotwi tu kwenye chupa ya jikoni. Hupikwa. Kanuni ya kale ni sehemu moja ya mimea iliyopondwa, sehemu nne za mafuta na sehemu kumi na sita za kimiminika, ambacho ni maji yaliyochemshiwa mimea au utomvu wa majani mabichi. Huchemka kwa moto mdogo hadi maji yote yaishe. Mpishi hupima kwa vidole: huchukua masalia ya mimea, huyafinyanga, na yakikubali kuwa kama utambi wa taa yasigande vidoleni, anautia utambi huo motoni. Ukilia na kutatarika, maji bado yamo. Ukiwaka kimya, mafuta yameiva. Mara nyingi mafuta yenyewe ni ya ufuta au ya nazi, na mimea ni kama mwarobaini, bhringraj na amla.

Yakipakwa, hulainisha magamba yaliyogandamana ili yatoke bila kuchubua ngozi, na hupunguza ule ukavu wa kuvuta. Hapo wataalamu wa ngozi hawabishi. Nao huagiza mafuta ya kulainisha magamba mazito.

*Ushahidi.* Hapa ndipo penye mvutano, na sitaki kupapita haraka. Fangasi wa mba anaishi kwa mafuta. Mafuta ya zeituni yana asidi ya oleiki kwa takribani asilimia 70, na maabara huyatumia kumlishia Malassezia anapofugwa kwenye vyombo. Ya ufuta yana oleiki karibu asilimia 40. Ya nazi yako tofauti: karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, na oleiki ni kidogo. Utafiti wa India uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha wanawake 140, ulionyesha kwamba kupaka mafuta ya nazi kwa wiki kadhaa kulisogeza mchanganyiko wa vijidudu vya kichwani kuelekea ule wa kichwa chenye afya. Hilo ni la kutia moyo, lakini kupima vijidudu hakujawa sawa na kuonyesha kwamba mba umeisha.

Je, Ayurveda na maabara zinagongana? Mimi naona hazigongani sana kama watu wanavyodai. Ayurveda inapendekeza mafuta kwanza kwa mtu wa ukavu, mtu wa vata. Mwenye magamba ya mafuta, yaani kapha, hupewa vitu vya kukausha na kusafisha. Na kukanda huko huishia kwa kuosha. Desturi ya kuyaacha mafuta kichwani siku tatu, kisha kuongeza mengine juu yake, ni yetu wenyewe, na ndiyo iliyoniponza. Nilikuwa na mba wa mafuta, nikajipaka ufuta kila usiku kwa wiki tatu nikifunga kitambaa. Wiki ya kwanza magamba yalipotea, kumbe yalikuwa yamelowana tu. Ya tatu nilikuwa najikuna hadi kwenye nyusi.

*Kazi na muda.* Ni rahisi: saa moja kabla ya kuosha, mara moja au mbili kwa wiki. Kuyapika mwenyewe ni shughuli ya nusu siku.

*Hatari.* Mafuta ya mbegu za mwarobaini si ya kunywa, na yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga waliopewa. Yakae mbali nao. Kuna pia mafuta mawili mashuhuri ya darunaka ambayo mtu asijaribu kuyapika nyumbani. Moja hutumia gunja, zile mbegu nyekundu zenye jicho jeusi, ambazo sumu yake ni jamaa ya ile ya mbegu za mbarika. Jingine hutumia majani ya datura, mmea wenye sumu. Wenye fani wana taratibu zao za kuziandaa. Sufuria ya nyumbani haina.

*Inamfaa nani.* Mwenye mba mkavu kama vumbi la chaki, mwenye ngozi inayovuta baada ya kuosha, na mwenye magamba mazito anayetaka kuyalainisha kabla ya hatua nyingine. Mwenye mba wa mafuta na ambao umefika kwenye nyusi na pembeni mwa pua aiache, au apake na kuosha ndani ya saa hiyohiyo.

2. Lepa, yaani mimea iliyopondwa ya kubandika

*Inagusa nini.* Inategemea umepondaponda nini. Uwatu uliolowekwa usiku kucha hutoa ute mzito unaotuliza ngozi na kubeba magamba unapoosha. Majani ya mwarobaini yana kemikali ambazo kwenye vyombo vya maabara huzuia fangasi mbalimbali. Mtindi una asidi laini inayolegeza magamba. Huko India kuna hata tiba ya kummiminia mtu maziwa mgando yaliyotiwa amla kichwani, polepole, kwa muda mrefu. Ute wa mshubiri hupoza.

*Ushahidi.* Mwembamba, lakini haukosekani. Mshubiri ndio wenye nguvu kidogo: jaribio lililochapishwa mwaka 1999 kwa watu wenye mba mkali liliona kwamba waliopaka dawa yenye mshubiri walipata nafuu kuliko waliopaka isiyo nao. Kwa mwarobaini na uwatu, kilichopo zaidi ni matokeo ya maabara na uzoefu wa muda mrefu wa watu. Kuua fangasi kwenye sahani ya kioo ni rahisi kuliko kumuua chini ya magamba.

*Kazi na muda.* Ndiyo njia ya taabu kuliko zote. Kuloweka, kusaga, kubandika, kungoja nusu saa shingo ikitiririka maji ya kijani, kisha kuosha. Usiposaga uwatu ukalainika kabisa, chembe zake zitabaki kwenye nywele, na kesho yake utaonekana una mba kuliko jana. Kwa nywele za msokoto mkali au zilizosukwa, hesabu muda mara mbili. Na harufu ya uwatu ina ukaidi: nimeisikia kwenye mto wangu siku mbili baadaye.

*Hatari.* Ndimu ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa kuwa kila anayetoa ushauri huiongeza. Ni kali mno kwa ngozi iliyokwisha kuchubuka kwa kukunwa, na maji ya ndimu yakipigwa na jua kwenye ngozi huweza kuacha malengelenge na madoa meusi yanayokaa wiki nyingi. Magadi ya kupikia yako upande wa pili wa kosa hilohilo. Yanaivuruga ngozi kwa kuondoa asidi yake ya kawaida. Mmea wowote mpya ujaribu kwanza nyuma ya sikio na usubiri siku moja.

*Inamfaa nani.* Mwenye mba wa wastani na muwasho wa moto, mwenye muda, na anayefurahia kushughulika na kichwa chake. Usiidharau furaha hiyo. Kama msongo wa mawazo huchochea mba, nusu saa ya kutulia nayo ina kazi yake.

3. Mitishamba ya kuoshea

*Inagusa nini.* Kabla ya shampuu za chupa, India iliosha nywele kwa maganda ya shikakai na matunda ya ritha. Yote mawili yana saponini, kemikali za mmea zinazotoa povu na kuchukua mafuta. Amla huongezwa kwa uchachu wake. Kwa hiyo njia hii inagusa chanzo cha kwanza moja kwa moja: inapunguza chakula cha fangasi.

*Ushahidi.* Kwamba yanasafisha, hapana ubishi. Kwamba yanatibu mba zaidi ya kusafisha, sijaona kinachonishawishi. Lakini kusafisha kwenyewe si jambo dogo. Mba mwepesi wa mafuta huweza kutulia kwa kuosha mara nyingi zaidi tu, iwe kwa ritha au kwa shampuu isiyo na dawa yoyote.

*Kazi na muda.* Chemsha, poza, chuja kwa kitambaa. Nasisitiza kitambaa, kwa sababu chujio la chai huachia unga. Povu ni dogo, na mtu aliyezoea mapovu hudhani hajatakata akaongeza dawa hadi nywele zikakauka kama majani makavu.

*Hatari.* Ritha machoni inachoma kweli. Kwa mwenye mba mkavu, kuosha nayo mara kwa mara huzidisha ukavu.

*Inamfaa nani.* Mwenye mba mwepesi wa mafuta, mwenye ngozi isiyopatana na manukato ya shampuu za madukani, na aliyekwisha kudhibiti mba kwa njia nyingine anayetafuta kitu cha kuendelea nacho.

4. Shampuu ya dawa

*Inagusa nini.* Inategemea dawa iliyomo, na jina lake ndilo la kutafuta kwenye chupa kuliko picha ya mtu anayetabasamu. Ketokonazoli, zinki pirithioni na seleniamu salfaidi humpunguza fangasi. Asidi ya salisiliki hulegeza magamba. Lami ya makaa ya mawe hupunguza kasi ya ngozi kujivua. Kuna na mafuta ya mti wa chai wa Australia, ambayo wengi huyachanganya na mambo ya Ayurveda. Shampuu yenye asilimia 5 ya mafuta hayo ilijaribiwa kwa watu 126 mwaka 2002, na baada ya wiki nne waliopewa walipata nafuu ya asilimia 41, wakati wasiopewa walifikia 11.

*Ushahidi.* Ndio mzito kuliko wa njia zote hapa. Nitataja mmoja ambao unasema na ubaya wake pia. Watafiti wa Ujerumani, mwaka 1995, waliwapa mamia ya watu ketokonazoli ya asilimia 2 mara mbili kwa wiki, na wengi sana walisafika ndani ya mwezi. Kisha waliosafika wakafuatiliwa miezi sita. Walioendelea kuitumia mara moja kwa wiki, mba uliwarudia 19 katika kila 100. Waliopewa shampuu isiyo na dawa, uliwarudia 47. Yaani dawa inafanya kazi, na ukiiacha, mba unaijua njia ya kurudi.

*Kazi na muda.* Dakika tano. Lakini ziwe tano kweli. Kosa la kila mtu, langu likiwemo, ni kupaka na kusuuza papo hapo, kisha kulalamika kwamba shampuu ni maji matupu. Dawa inalenga ngozi, si nywele: gawanya nywele kwa vidole, ifikishe chini, hesabu dakika tatu hadi tano, ndipo usuuze. Mara mbili kwa wiki kwa mwezi mmoja, halafu mara moja kwa wiki au kila wiki mbili. Mwenye nywele za msokoto mkali zinazokauka upesi anaweza kuanza na mara moja kwa wiki na kufuatisha kilainishi kwenye ncha za nywele.

*Hatari.* Nywele kukauka na kichwa kuwasha kidogo ndiyo malalamiko ya kawaida. Seleniamu huweza kubadili rangi ya nywele zilizopakwa rangi. Lami hutia madoa, ina harufu yake, na huifanya ngozi iungue upesi juani. Zinki pirithioni imeondolewa kwenye vipodozi vya nchi za Umoja wa Ulaya tangu Machi 2022, kwa sababu ya tahadhari kuhusu uzazi. Kwingineko bado inauzwa.

*Inamfaa nani.* Mwenye mba wa mafuta, mwekundu, uliosambaa, mwenye haraka, na aliyejaribu mitishamba kwa mwezi bila mabadiliko.

Kuhusu vidonge na unga wa kumeza

Mganga wa Ayurveda anaweza kukuongezea triphala, unga wa matunda matatu, au mchanganyiko mwingine wa kumeza. Hapo ongeza umakini. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2004 ulipima bidhaa 70 za Ayurveda zilizokuwa zinauzwa Boston, na 14 zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Baadhi ya madini hayo hutiwa kwa makusudi katika tawi moja la tiba hiyo, mengine huingia kwa uchafuzi. Kwa tatizo la ngozi ya kichwa, mimi nakaa na vya kupaka.

Chagua kwa hali yako

*Magamba makavu, hakuna wekundu:* anza na mafuta ya nazi saa moja kabla ya kuosha, kisha shampuu laini. Punguza maji ya moto. Jipe wiki tatu.

*Magamba ya manjano yenye mafuta, muwasho hadi nyusi:* shampuu ya dawa kwanza, mafuta pembeni. Ukishasafika, ritha au shikakai inaweza kushika zamu kati ya siku za dawa.

*Magamba mazito yaliyoshikamana kama ganda:* usiyakwangue kwa kucha. Lainisha kwa mafuta, osha kwa shampuu yenye asidi ya salisiliki, kisha wiki inayofuata ingia kwenye ya kuzuia fangasi. Hapa kambi zangu mbili zilipatana.

*Nywele zilizosukwa kwa wiki kadhaa:* lepa na unga viache, havitatoka. Shampuu ya dawa iliyozimuliwa kwa maji, ikamiminwa kwenye mistari ya msuko na kukaa dakika zake, inafika. Kupaka mafuta mazito kwenye mistari hiyo kila jioni ndiko kunakofuga mba.

*Umeshatumia shampuu moja, ikafaa, kisha ikagoma:* badili dawa iliyomo, si jina la kampuni tu. Aliyekuwa kwenye zinki ajaribu ketokonazoli au seleniamu.

*Mjamzito au anayenyonyesha:* mafuta ya nazi, mshubiri na kuosha kwa upole havina shida kwa wengi. Dawa za chupa na za kumeza muulize mhudumu wako kwanza.

*Mtoto mchanga mwenye magamba ya utosini:* si mba wa kuuhangaikia, huisha wenyewe ndani ya miezi. Paka mafuta ya mtoto kidogo, ngoja yalainike, sugua kwa brashi laini, osha. Mwarobaini hapana.

*Mtoto wa umri wa shule mwenye magamba:* mba ni nadra kabla ya balehe. Mpeleke akapimwe mapunye kabla hujanunua chochote.

*Mba uliolipuka ghafla na kwa ukali kwa mtu mzima asiyekuwa nao, au usiokubali baada ya mwezi wa shampuu iliyotumika sawasawa, au unaotoa usaha, au unaoambatana na nywele kukatika:* nenda kwa daktari wa ngozi. Chukua na chupa zako zote, hata ile ya mafuta ya kijani isiyo na lebo, na usioshe kichwa siku hiyo ili ayaone magamba yenyewe.